Mstari wa Nyinginezo

Kaunta buku lile bado ninalo. Ni la kwaya mbili, mgongo mwekundu, na ukurasa wake wa kwanza una doa la mchuzi wa kunde lililokaa hapo tangu Agosti 2011. Juu nimeandika kwa herufi kubwa: MATUMIZI YA MUVI, KIBAHA NA KISARAWE, SIKU 8. Chini yake kuna mistari kumi, wa kwanza ukiwa malipo ya mastaa na wa tisa uhariri. Mstari wa kumi unasomeka hivi: Nyinginezo, shilingi 150,000. Kila nikifika hapo hucheka peke yangu.

Miaka ile muvi za Bongo zilikuwa zinatoka kama maandazi ya asubuhi. Tangu Girlfriend ya marehemu George Tyson ilipotoka mwaka 2003, watu walikuwa wameona kwamba hadithi yetu, kwa lugha yetu, inaweza kuuzwa kwenye diski na ikanunuliwa. Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi. Produza anapeleka wazo Kariakoo kwa msambazaji, anapewa kianzio, tunakwenda lokesheni siku nane au kumi, kazi inahaririwa, masta inakabidhiwa, hela iliyobaki inatoka. Na bei ya masta ilitegemea sura itakayokaa kwenye kava. Kwa hiyo bajeti yetu iliandikwa kuanzia juu kwenda chini: kwanza anatengewa staa, kisha wengine wote tunagawana kilichobaki, na mwisho kabisa, kama kuna chenji, inaandikwa Nyinginezo.

Safari hii tulikuwa na milioni 12. Staa wetu wa kike peke yake alichukua 2,500,000. Mimi nilikuwa prodaksheni meneja kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilishika ubao wa kuhesabia sini na kubeba nyaya za taa. Nilipandishwa cheo kwa sababu moja tu: nilikuwa najua kuandika risiti.

Kwa nini Kibaha na Kisarawe? Hadithi ilihusu binti wa kijijini anayeolewa na mtumishi wa serikali mjini, mambo yakaharibika, akarudi kwao. Kibaha ilifaa kuwa mji: ina lami, ina ofisi za mkoa wa Pwani, ina ile miti na nyumba tulivu za Tumbi zilizojengwa na watu wa nchi za Nordiki miaka ya sitini. Kisarawe ilikuwa kijiji: vilima, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mikorosho, na nyumba za udongo ambazo kamera inazipenda. Maili Moja ya Kibaha ni kilomita arobaini hivi kutoka Posta ya Dar es Salaam, na Kisarawe ni karibu zaidi. Produza alifurahi. "Hakuna hoteli hapo," aliniambia. "Watu wanatoka makwao, wanarudi makwao."

Kwenye ramani wilaya hizo mbili ni majirani. Barabarani ni hadithi nyingine. Miaka ile, kama ulitaka lami kutoka Kibaha hadi Kisarawe, ulirudi kwanza Dar es Salaam, ukashuka Ubungo, ukazunguka Mandela, ukashika barabara ya Pugu, ukapita Gongo la Mboto ndipo ukapanda kilima. Njia ya kukatisha ilikuwa ya vumbi, kutoka Mlandizi kwenda Mzenga hadi Maneromango. Hilo sikulijua wakati naandika bajeti. Niliandika "usafiri" nikadhani nimemaliza.

Tulikuwa na mzee mmoja wa taa aliyewahi kufanya kazi na Shirika la Filamu la taifa, lile lililoanzishwa mwaka 1968. Alikuwa akitusimulia enzi za filamu za mkanda, ambapo kila roli ilisainiwa stoo na kila futi iliyopigwa ilihesabiwa. "Ninyi mnapiga mara kumi kwa sababu kaseti haiwaumi," alikuwa akisema. "Sisi tulifanya mazoezi mpaka kamera ikiwashwa kila mtu anajua anaposimama." Siku niliyomwonyesha bajeti yangu aliisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Nyinginezo ni laki na nusu?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya," akasema, akanirudishia kaunta buku. Hakuongeza neno.

Kibali cha Bodi ya Filamu tulikuwa nacho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na hata sisi wa siku nane tulijua kwamba skripti inapitia huko kwanza. Kinachofuata ndicho kinachowachosha wengi: barua ya utambulisho inashuka ngazi kwa ngazi, kutoka halmashauri kwenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti, na kila ngazi ina muhuri wake na mtu wake ambaye leo katoka kidogo. Wakati ule Kibaha ilikuwa na halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Barua yangu niliiandikia ya Wilaya, na nyumba tuliyokodi ilikuwa ndani ya Mji. Asubuhi ya kwanza, watu thelathini walikaa chini ya mwembe hadi saa sita mchana wakinisubiri nirudi na karatasi sahihi.

Siku ya pili ilikuwa ya Kongowe. Nilikuwa nimewatumia waigizaji wote ujumbe wa simu: kesho saa moja asubuhi, Kongowe, kituoni. Saa mbili wote walikuwa wamefika isipokuwa mwigizaji wa baba mkwe, mtu mzima, mstaarabu, asiyechelewa hata siku moja. Nikampigia.

"Shikamoo baba, uko wapi?"

"Marahaba. Mimi nipo kituoni hapa tangu saa kumi na mbili na nusu. Nyie ndio siwaoni."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. "Kituoni wapi, baba?"

"Kongowe, mwanangu. Hapa mbele ya Mbagala."

Kuna Kongowe ya Kibaha, barabara ya Morogoro, na kuna Kongowe ya Mbagala, barabara ya Kilwa. Katikati yao kuna jiji zima la Dar es Salaam. Teksi ya kumvusha mzee yule, kulipia muda wa dereva kwenye foleni na soda ya kumwomba radhi, ilifika shilingi 45,000. Niliiandika kwenye Nyinginezo. Jioni nilikaa na ramani nikagundua kwamba nimezungukwa na mitego. Masaki ipo ya matajiri karibu na bahari na ipo Masaki ya Kisarawe. Kisarawe yenyewe ina mwenzake, Kisarawe II, iliyoko upande wa Kigamboni. Pangani ipo Tanga na ipo ndani ya Kibaha. Kuanzia siku ile nilianza kuandika kila wito kwa uangalifu wa mzee wa taa: jina la mahali, barabara iliyopo, na kitu kinachoonekana kwa macho ukishuka kwenye gari.

Sasa nije kwenye mafuta. Mwaka 2011 nchi ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme. Nilikuwa nimepanga kwamba Kibaha tutatumia umeme wa nyumba tuliyopanga na jenereta itawashwa Kisarawe tu. Umeme ulikatika siku ya kwanza saa tatu asubuhi, na jenereta haikuzimwa tena. Hata hivyo nilikuwa nimejiwekea lita 40 kwa siku, kwa siku nane ni lita 320, kwa bei ya 2,200 ni 704,000. Nilijiona hodari.

Jumatano ya tarehe 3 Agosti, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ikashusha bei ya petroli kwa shilingi 200 na ushee kwa lita. Asubuhi ile kwenye redio tulishangilia. Nilifungua hata kaunta buku nikaanza kupiga hesabu ya akiba nitakayobaki nayo. Mchana kampuni za mafuta ziliacha kuuza. Jioni sheli zote za Maili Moja zilikuwa zimefungwa kamba mbele, wahudumu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakitutazama tu. Bungeni Dodoma walilijadili kwa ukali, magazeti yakaandika, amri zikatoka, na baada ya siku kadhaa mafuta yalirudi. Haikupita muda mrefu bei ikapanda tena. Lakini mimi Ijumaa ya tarehe 5 nilipaswa kuwahamisha watu thelathini kutoka Kibaha kwenda Kisarawe, na matangi ya magari yalikuwa yanaelekea kukauka.

Siku hiyo hatukupiga picha hata moja. Mimi na dereva wa kosta tulitoka alfajiri na madumu matano. Picha ya Ndege hakuna, Kwa Mathias hakuna, Visiga hakuna. Mlandizi, nyuma ya genge la nyanya, tukampata kijana anayeuza kwa chupa za maji ya kunywa. Lita moja 4,000. Dereva alichukua chupa moja akaitazama kwenye jua, akamwagia kidogo kiganjani, akanusa, akasugua kwa kidole gumba akisubiri ikauke. "Haina maji," akasema. Tulinunua lita 90, chupa baada ya chupa, zikimiminwa kwenye dumu kupitia faneli iliyokatwa kwenye chupa ya soda. Nikaandika Nyinginezo: nyongeza ya mafuta, 162,000. Risiti hakuna, kwa hiyo kijana yule aliweka dole gumba kwenye kaunta buku langu, wino ukiwa ni masizi ya sufuria ya jirani.

Kwa kuwa mafuta yalikuwa ya kuhesabu, tuliamua kutorudi mjini. Tulikatisha na njia ya vumbi, kosta mbele, Kenta ya jenereta nyuma. Tulivuka reli ya TAZARA Mzenga jua likizama, na karibu na Maneromango kosta ikagonga kuku. Mwenye kuku alitoka taratibu kama aliyekuwa akitusubiri. Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa, na sijawahi kugonga kuku ambaye si wa mayai. Shilingi 15,000.

Ramadhani ilikuwa imeandama wiki ileile tuliyoanza. Nilikuwa najua kwamba mfungo upo, mimi mwenyewe nina ndugu wanaofunga, ila sikuuingiza kwenye ratiba. Niliandika chakula kama ninavyokiandika mwezi wowote: watu 30, shilingi 4,000 kila mmoja, siku nane, jumla 960,000. Kisarawe tulipatana na mama mmoja mwenye banda la chakula karibu na tulipofikia, kwani bila mafuta ule mpango wa kila mtu kurudi kwake ulikuwa umekufa. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akachukua ungo wenye kunde alizokuwa anachambua.

"Mwanangu, watu wako ni wangapi?"

"Thelathini, mama."

"Waliofunga wangapi?"

Sikujua. Nilikuwa na orodha ya majina, namba za simu, malipo, hata saizi za viatu vya waigizaji. Hilo sikuwa nalo.

Akanituma nikaulize. Niliporudi akaanza kuhesabu kwa kunde kwenye ungo, anasogeza moja moja na kidole: kumi na nane upande huu, kumi na wawili upande huu. "Hawa kumi na wawili watakula mchana nyuma ya nyumba, kimya, kwa heshima ya wenzao. Hawa kumi na wanane nitawapikia futari na daku. Hela yako ni ileile, usiogope." Jioni ile kulikuwa na uji wa pilipili manga, magimbi, mihogo ya nazi na kunde zilezile. Mikeka ilitandikwa uani. Staa wetu, aliyekuwa amekataa wali wa Kibaha kwa siku nne, alirudia mihogo mara mbili. Doa la kwenye ukurasa wa kwanza ni la usiku ule, nilipokuwa nikijaribu kuandika na kula kwa wakati mmoja.

Kesho yake tulikuwa na sini ya mtu kupigwa risasi. Fataki za kutoa mshindo zilikuwa kwenye boksi. Mwenyekiti wa kijiji alipoziona alinivuta pembeni. Februari 16 ya mwaka uleule mabomu yalikuwa yamelipuka kwenye kambi ya jeshi Gongo la Mboto, watu zaidi ya ishirini wakafa, na usiku ule familia nzima nzima zilikimbia bila kujua zinakokwenda. Kutoka pale kwenda Kisarawe ni mwendo mfupi tu. "Hapa mlango ukibamizwa na upepo bado kuna watoto wanalia," alisema. Tulipiga sini bila sauti, mlio ukawekwa studio. Haikutugharimu kitu, ila nilijiuliza ni nini kingine sijauliza.

Jibu lilikuja Jumatatu, sikukuu ya Nane Nane. Sini ya 41, ambayo dairekta aliiita moyo wa filamu, ilikuwa ya mwali anayetolewa nje, kijiji kizima kinacheza mdundiko. Nilikwenda kwa mzee wa kikundi cha ngoma na pesa yake mkononi. Aliipokea salamu yangu vizuri, akaniuliza habari za safari, akaniuliza habari za mafuta, akanyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu, mwezi huu ngoma hazilii."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni kuigiza tu, dakika ishirini, tena mchana. Akatabasamu. "Sasa jirani atakayesikia akiwa amefunga, atajuaje kwamba mnaigiza?"

Hapakuwa na la kubishana. Dairekta alikasirika, produza alinipigia simu akanifokea, na wote walikuwa na haki. Kijiji hakikubadilisha chochote, mwezi ulikuwapo kwenye kila kalenda ya ukutani. Tulirudi Septemba baada ya Idi: kosta 150,000, kikundi cha ngoma 120,000, chakula 120,000, mafuta 90,000. Jumla 480,000 kwa sini moja. Mdundiko ulipigwa kuanzia saa nane hadi magharibi, na hata mzee wa taa aliacha taa zake akaingia uwanjani.

Mipango si matumizi, wahenga walishasema. Hesabu ya mwisho ya Nyinginezo ipo ukurasa wa kumi na saba. Teksi ya Kongowe 45,000. Nyongeza ya mafuta 162,000. Siku iliyopotea, yaani chakula na gari bila kazi, 210,000. Kuku 15,000. Dawa ya tumbo 8,000. Safari ya ngoma 480,000. Jumla 920,000, mara sita na ushee ya nilichoandika.

Pengo lile lilizibwa kama mapengo yote ya muvi zetu yalivyozibwa, kwa kuwakata walio chini. Staa alikuwa ameshalipwa yote kabla ya kupanda kosta. Mimi niliahidiwa 300,000 nikapata 100,000. Vijana wa taa walikatwa posho ya siku mbili. Na mama wa Kisarawe alibaki anatudai 120,000, chakula cha siku moja. Produza aliniambia atalipwa masta ikitoka. Masta ilitoka, mama hakulipwa. Hakunitukana. Alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa, ananisalimia, ananiuliza hali ya nyumbani, anamaliza na neno lilelile: "Mimi nipo, mwanangu." Nilimlipa kutoka mfukoni mwangu, 40,000 mara tatu, kwa simu. Ya mwisho niliituma Desemba.

Baadaye mambo yalibadilika kidogo. Mwaka 2013 stempu za kodi zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki, watu wa diski walianza kuulizana karatasi, na ghafla mtu anayejua kutunza risiti akawa na thamani. Nilipata kazi nyingi. Kwenye kila bajeti niliyoandika tangu wakati huo, Nyinginezo haijawahi kupungua sehemu moja ya kumi ya fedha zote, na kila produza huniuliza kwa nini kubwa hivyo. Huwa namfungulia ukurasa wa kumi na saba.

Kijana unayeanza kazi hii leo una programu ya simu inayopiga hesabu zote kabla hujamaliza chai. Itumie. Ila kabla ya kuingiza tarakimu ya kwanza panda gari, nenda mwenyewe kijijini, keti kwenye mkeka, uliza Kongowe ni ipi, barabara inapita wapi, nani amefunga na mwezi gani ngoma hazilii. Na ukishapata kianzio, mlipe mama lishe kabla hujamlipa staa.